Seva Ikikataa Ufunguo Wako, Isikilize

Anayetoka Bujumbura kwenda Rumonge kwa barabara ya ziwani hupita Kabezi. Kwa watu wa afya, jina hilo lina uzito. Mwaka 2006 Médecins Sans Frontières walifungua hapo kituo cha dharura za uzazi, na mwaka 2012 wakachapisha uchunguzi wao: vifo vya akina mama katika eneo hilo vilikadiriwa kuwa vimepungua kwa asilimia 74. Hakukuwa na dawa mpya wala mashine ya ajabu. Muuguzi wa kituo cha afya cha mlimani aliona uzazi umekwama, akatoa taarifa, gari la wagonjwa likapanda kumfuata mama, naye akateremshwa hadi chumba cha upasuaji kabla hajachelewa. Kila mtu katika mlolongo ule alijua kwamba anayemfuata yupo na atafanya kazi yake.

Siku hizi sehemu ya mlolongo huo hupita ndani ya kompyuta. Tangu 1 Mei 2006 mama anayejifungua Burundi na mtoto wa chini ya miaka mitano hutibiwa bure, na tangu Aprili 2010 vituo vya afya nchini kote hulipwa kwa kuangalia kazi viliyoifanya: wangapi wamejifungulia kituoni, wangapi wamechanjwa, wangapi wamehudhuria kliniki. Hesabu hizo za kila mwezi huishia mtandaoni. Wizara ya afya hutumia DHIS2, programu iliyokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo na inayotumika pia Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania, na programu ya namna hiyo kwa kawaida hukaa kwenye seva ya Linux. Basi tarakimu anayoiandika muuguzi ni kumbukumbu ya mama fulani, na papo hapo ni fedha ya kituo. Mtu atakayeweza kuingia kwenye seva kwa ufunguo wa fundi ataweza kusoma yasiyomhusu. Ataweza pia kuigeuza tarakimu, na muuguzi kule mlimani hatajua.

Ninaandika juu ya funguo hizo, na juu ya asubuhi ambayo kila mtunza seva anaifahamu. Usiku sasisho la usalama limepita. Asubuhi fundi anajaribu kuingia, seva inamjibu kwa mstari mmoja tu kwamba ruhusa imekataliwa. Au programu ya takwimu haiungani tena na hifadhidata, na kwenye kumbukumbu za seva kuna malalamiko kwamba ufunguo ni mfupi mno. Jana ulifanya kazi. Fundi anapiga simu.

“Shefu, seva imeukataa ufunguo baada ya lile sasisho.”

“Basi irudishe ilivyokuwa jana, dogo. Ripoti za mwezi zinafungwa leo.”

Mazungumzo haya hufanyika Bujumbura, hufanyika Kigoma, hufanyika Uvira, na shefu hana nia mbaya. Ana ripoti, ana wakubwa wake, ana vituo vinavyosubiri malipo. Hata hivyo nasema wazi kwamba agizo lake ni la hatari kuliko yote anayoweza kutoa siku hiyo, na sababu yangu ni kisa kilichotokea kweli, ambacho madhara yake hayajaisha mpaka leo.

Tarehe 13 Mei 2008 mradi wa Debian, mmoja wa mifumo mikubwa ya Linux, ulitoa tangazo lililowafanya mafundi wa dunia nzima waache walichokuwa wakifanya. Msanidi wake mmoja, Luciano Bello, alikuwa amegundua kwamba OpenSSL, programu ya usimbaji iliyokuwa ndani ya Debian, inatengeneza funguo zinazokisika. Mambo yalianza miaka miwili nyuma. Mwaka 2006 mtunzaji wa kifurushi hicho aliona chombo cha kukagua programu, Valgrind, kikilalamika juu ya mistari miwili ya msimbo. Akawauliza wasanidi wa OpenSSL kama inaweza kuondolewa, jibu alilopata halikumzuia, akaiondoa. Mstari mmoja haukuwa na athari kubwa. Wa pili ndio uliokuwa ukiingiza nasibu yote ambayo ufunguo hutegemea ili usikisike. Ulipoondoka, kilichobaki kutofautisha ufunguo na ufunguo ni namba ya mchakato, ile namba ambayo mfumo huipa kila programu inapoanza kazi, na namba hiyo kwa kawaida haikuzidi 32,768.

Hapa ndipo penye uzito wa kisa hiki. Fikiria muuza kufuli wa sokoni Rumonge. Kila kufuli yake ni nzito, chuma kinang'aa, ufunguo una meno mengi, na mnunuzi huondoka ameridhika. Kumbe kiwandani walichonga aina chache tu za meno wakazirudia kwa maelfu ya kufuli. Mwizi hahitaji kuvunja chochote. Anahitaji shada la funguo na subira kidogo. Funguo za Debian zilikuwa hivyo hivyo. Ufunguo wa biti 2048 ulikuwa kweli wa biti 2048. Ukiupima, haukupungua hata biti moja. Ila kwa kila aina ya ufunguo, kwa kila urefu na kila aina ya prosesa, funguo zote zilizoweza kutokea zilikuwa chini ya elfu thelathini na tatu. Siku chache baada ya tangazo, mtafiti HD Moore alikuwa ameshatengeneza zile za aina zilizotumika sana na kuziweka hadharani. Kompyuta zake zilifanya kazi hiyo kwa saa chache.

Tena ugonjwa haukubaki nyumbani kwake. Ufunguo wa kuingilia seva huwa na sehemu mbili: ya siri hukaa kwenye kompyuta ya fundi, ya wazi hunakiliwa kwenye seva. Fundi aliyetengeneza ufunguo kwenye Debian, kisha akaweka nusu yake ya wazi kwenye seva yenye mfumo mwingine kabisa, aliifungulia seva hiyo mlango ingawa yenyewe haikuwa na kasoro yoyote. Funguo za aina ya DSA zilikuwa na balaa zaidi, kwa sababu hata uliotengenezwa vizuri mahali pengine uliweza kukokotolewa ikiwa ulitumika kutia saini kwenye kompyuta yenye kasoro, hata mara moja.

Sisi wa maziwa makuu tulikuwa wapi mwezi huo? Mei 2008 pwani ya Kenya na Tanzania haikuwa na waya hata mmoja wa nyuzinyuzi wa chini ya bahari. SEACOM iliwashwa Mombasa na Dar es Salaam mwezi Julai 2009, EASSy ikafuata 2010, na Burundi isiyo na bahari ilingoja zaidi. Intaneti ya Bujumbura ilishuka kutoka kwenye satelaiti, kwa bei kali na mwendo wa kobe. Linux ilisafiri kwa CD. Ubuntu, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini juu ya msingi wa Debian, ilikuwa na huduma ya ShipIt iliyotuma CD bure kwa posta duniani kote tangu 2005 hadi 2011. Ilikuwa hisani kubwa, na mafundi wengi wa Afrika walijifunza kazi kwa CD hizo. Lakini matoleo ya 7.04, 7.10 na 8.04, hili la mwisho likiwa limetoka 24 Aprili 2008, majuma matatu hayajaisha kabla ya tangazo, yote yalibeba ile OpenSSL yenye kasoro. CD iliyokwisha kuchapwa haijirekebishi. Aliyeisimika kompyuta kwa CD ya bahasha, akaacha masasisho kwa sababu kila megabaiti ya satelaiti ililipiwa, alibaki anatengeneza funguo mbovu muda wote huo, bila dalili yoyote. Kwa hiyo napinga wanaosema kisa hiki ni cha watu wa Ulaya. Mahali ambapo sasisho hufika kwa taabu ndipo kasoro hukaa muda mrefu zaidi.

Debian walifanya jambo ambalo bado nalistahi. Hawakutosheka kurekebisha programu, maana kuirekebisha programu hakuuponyi ufunguo uliokwisha kutengenezwa. Walitoa orodha ya funguo mbovu, wakatoa chombo cha kuzitafuta kiitwacho ssh-vulnkey, na wakaifanya seva yenyewe, baada ya sasisho, iukatae ufunguo wowote uliomo kwenye orodha. Funguo mbovu za seva zenyewe zikatengenezwa upya, na watumiaji wakakutana na onyo la kutisha kwamba utambulisho wa seva umebadilika. Asubuhi ile ya simu kwa shefu ilitokea kwa maelfu ya watu siku zile zile.

Na humo humo waliacha kitasa kimoja. Katika faili la mipangilio ya seva uliweza kuandika PermitBlacklistedKeys na mbele yake yes, na seva ingezipokea tena funguo zote mbovu.  Naelewa kwa nini kiliwekwa. Kuna seva zilizo mbali na mtu yeyote, na kumfungia nje mwenye mali ni madhara pia. Lakini mstari ule ni agizo la shefu lililoandikwa kwa lugha ya kompyuta. Ukishauandika, kazi inaendelea, simu zinanyamaza, na hakuna atakayekumbuka kuufuta.

Tunajua kwamba watu hawakumbuki, kwa kuwa waliotafuta wamekuta. Mwaka 2015, miaka saba baadaye, mtafiti Ben Cox alipitia funguo za wazi za watumiaji wa GitHub akakuta zile zile za Debian bado zimesajiliwa, nyingine kwenye akaunti zenye ruhusa ya kubadili miradi mikubwa, GitHub ikazifuta. Mwaka 2024 Hanno Böck alikagua funguo ambazo mifumo ya barua pepe hutumia kuthibitisha kwamba barua imetoka kweli kwa mtumaji wake, akakuta mamia ya zile zile. Hiyo ni miaka 16 tangu tangazo. Watoto waliozaliwa siku ile walikuwa sekondari, na ufunguo ambao dunia nzima ina nakala yake ulikuwa bado unafanya kazi.

Nirudi kwa fundi wetu wa leo. Ufunguo wake kukataliwa hakumaanishi kwamba ni wa Debian ya 2008. Kuna magonjwa mengine yanayofanana nao kwa dalili, na kuyachanganya hupoteza siku nzima. Ugonjwa wa kwanza ni ufupi au uzee wa aina. Debian 10, iliyotoka Julai 2019, ilianza kukataa vyeti vyenye ufunguo wa RSA ulio chini ya biti 2048. Nazo funguo za DSA za OpenSSH, programu ya kuingilia seva kwa mbali, ambazo siku zote ni biti 1024, zilizimwa kwa chaguo-msingi mwaka 2015 na kuondolewa kabisa katika toleo la 10.0 la Aprili 2025. Dawa yake ni ufunguo mpya, na hakuna njia ya mkato.

Ugonjwa wa pili huwadanganya wengi. OpenSSH 8.8 ya Septemba 2021 iliacha kukubali saini za RSA zinazotumia SHA-1, hesabu iliyokwisha kuvunjwa. Hapo ufunguo wa RSA wa biti 3072 unaweza kuwa mzima kabisa, na kinachokataliwa ni programu ya zamani ya mtumiaji isiyojua kutia saini kwa njia mpya. Nimeona watu wakitengeneza ufunguo baada ya ufunguo kwenye programu ile ile ya miaka kumi iliyopita, kila mmoja ukikataliwa, mpaka wakaapa kwamba sasisho limeharibu seva. Sasisha programu ya upande wako kwanza.

Wa tatu ni ule wa nasibu haba, na huo haupimwi kwa rula. Mwaka 2012 Nadia Heninger na wenzake walikusanya funguo za seva na vifaa vya intaneti nzima, wakaweza kuzikokotoa funguo za siri za RSA za asilimia 0.50 ya vifaa vilivyotumia TLS, njia ya kusimba mawasiliano ya mtandaoni, bila kumdukua mtu. Vingi vilikuwa ruta na vifaa vidogo vilivyotengeneza ufunguo mara tu vilipowashwa kwa mara ya kwanza, kabla havijakusanya nasibu ya kutosha, hivyo viwili vikajikuta vimechagua namba tasa moja iliyo sawa. Ukiwa na funguo mbili zinazoshirikiana namba tasa, kutafuta kigawo chao kikubwa cha shirika ni hesabu ya sekunde. Ruta za bei nafuu tunazozifunga juu ya mapaa ya zahanati ni za ukoo huo. Vivyo hivyo seva pepe zinazonakiliwa kutoka nakala moja, funguo zikiwamo, kila moja ikijitambulisha kwa jina la mwenzake.

Kwa hiyo kabla ya kugusa mipangilio, fundi apime. Amri ya ssh-keygen -l itamwonyesha urefu na aina: akiona 1024 na herufi DSA, shauri limekwisha. Kumbukumbu za seva zitamwambia kama kilichokataliwa ni ufunguo au ni saini. Ufunguo mpya wa Ed25519 hutengenezwa kwa sekunde moja. Kazi kubwa iko katika kuufikisha kwenye kila seva, na hasa katika kuufuta ule wa zamani. Wengi huongeza mpya na kuuacha wa zamani pale pale, wakadhani wametibu.

Wapo watakaonijibu kwamba maisha ya Burundi hayaruhusu mafundisho haya, na hoja yao ina nguvu. Umeme hukatika. Petroli imekuwa ya kusaka, na safari ya kufuata seva iliko inaweza kushindikana siku mbili. Ziwa lenyewe limepanda miaka hii likafika kwenye nyumba na barabara. Fundi akijifungia nje ya seva, gharama yake ni ya kweli. Nakubali. Ndiyo maana naona kazi hii ifanywe kabla ya sasisho: fundi abaki na kikao cha pili kimefunguliwa wakati anabadili mipangilio, na pale seva ilipo awepo mtu mmoja anayeaminika, hata kama ni mhasibu wa hospitali, mwenye njia ya kuingia kwa kibodi na skrini, nywila yake ikiwa ndani ya bahasha iliyofungwa. Na ikilazimu kweli kulegeza ulinzi ili takwimu zipite, basi ulegezwe kwa anwani moja tu, kwa muda ulioandikwa, na jina la aliyeruhusu liandikwe. Shefu akiagiza kwa mdomo, fundi amwombe atie saini. Nadhani maagizo mengi yataishia hapo.

Lakini kuna jambo linaloniuma kuliko haya ya kiufundi. Fungua faili la authorized_keys kwenye seva yoyote iliyoachwa na mradi. Kila mstari ni ufunguo wa mtu, na mwisho wa mstari mara nyingi kuna jina la mtumiaji na jina la kompyuta yake. Soma majina hayo kwa sauti mbele ya wafanyakazi. Huyu ni mshauri aliyekuja wiki mbili akarudi kwao. Huyu alikuwa mwanafunzi wa mafunzo ya vitendo, sasa yuko Kigali. Huyu hakuna anayemjua. Kompyuta ya huyu iliibwa. Na ufunguo wa SSH, tofauti na cheti, hauna tarehe ya kumalizika usipouwekea. Wote hawa bado wanaweza kuingia leo jioni.

Sisemi kwamba wana nia mbaya. Ninasema mradi huja na gari, na jenereta, na friji ya chanjo, na siku ya makabidhiano kila kimoja huhesabiwa, huandikwa namba, hutiwa saini na pande mbili mbele ya wapiga picha. Funguo za seva yenye taarifa za wagonjwa hazimo kwenye orodha. Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda 2021, Tanzania 2022. Burundi ilipitisha mwaka 2022 sheria dhidi ya uhalifu wa mtandaoni. Sheria humshika mwizi akipatikana. Haimkumbushi mtu kufuta mstari kwenye faili.

Ninachoomba kwa wizara, kwa wafadhili na kwa wakurugenzi wa hospitali ni karatasi moja zaidi siku ya makabidhiano. Iandikwe humo kila ufunguo unaofungua seva: ni wa nani, wa aina gani na urefu gani, ulitengenezwa lini na kwenye kompyuta ipi. Iandikwe ni zipi zimefutwa siku hiyo hiyo, na mshauri anayeondoka ajaribu kuingia kwa ufunguo wake mbele ya wenyeji na akataliwe, ndipo malipo yake ya mwisho yatolewe. Nakala ibaki kwa fundi wa wilaya, naye apewe kila mwaka siku mbili za kazi zilizomo kwenye bajeti, za kuipitia upya na kubadili kinachostahili kubadilishwa, bila kuombwa wakati huo huo atengeneze printa.